Kocha, kisigino kinachouma si uvivu

"Kimbia tu, utazoea." Hayo ndiyo majibu ambayo wanamichezo wengi chipukizi hupewa wakimweleza kocha kwamba kisigino kinauma. Ukichechemea unaitwa mvivu. Ukiomba kupumzika, namba yako kikosini anapewa mwingine. Basi mtoto anajifunza kunyamaza, anafunga kamba za njumu na kurudi uwanjani akikimbilia vidole.

Mimi nasema tabia hii ikome. Si ati nataka watoto wadekezwe, la. Maumivu haya yana chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho si uvivu.

Mtoto wa kati ya miaka 8 na 14 hivi bado anakua. Nyuma ya mfupa wa kisigino chake kuna sehemu ya gegedu ambayo haijakomaa, na hapo ndipo ilipojishikiza kano nene inayotoka kwenye misuli ya shavu la mguu. Anaporefuka haraka, mifupa hutangulia na misuli ikabaki nyuma, imekaza. Kila anapokimbia au kuruka, kano huvuta sehemu hiyo laini. Ikivutwa kila siku bila mapumziko, lazima iume.

Hali hii inaitwa ugonjwa wa Sever, kutokana na James Warren Sever, daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka wa 1912. Usitishwe na jina. Hauambukizi, na kwa kawaida huisha wenyewe mfupa ukishakomaa, bila kuacha ulemavu. Dalili yake kubwa ni maumivu wakati wa mazoezi au baadaye, na ukikibinya kisigino pande zote mbili unaruka kwa uchungu.

Najua makocha watanijibu: mabingwa wetu hawakulelewa kwa pamba, walivumilia. Ni kweli, mbio zinataka uvumilivu. Lakini kuvumilia uchovu ni jambo moja, na kulazimisha mfupa unaouma ni jambo lingine. Tena, tazama safari ya Eliud Kipchoge. Alishinda dhahabu ya dunia ya mita 5,000 jijini Paris mwaka wa 2003, na mwaka wa 2021 bado alikuwa akishinda dhahabu ya marathon kwenye Olimpiki. Hiyo ni miaka 18 kileleni. Sasa, majuma machache ya kupumzisha kisigino cha mtoto wa miaka 12 yatamharibia nini?

Matibabu yenyewe hayahitaji pesa nyingi. Punguza mbio na kuruka hadi maumivu yatulie. Ukiweza, endesha baiskeli au uogelee ili usipoteze pumzi. Funga barafu kwa kitambaa, uweke kisiginoni kwa dakika 15 baada ya mazoezi. Nyoosha misuli ya shavu la mguu kila siku, polepole, bila kujiumiza. Vaa raba zenye soli nene na laini badala ya kushinda na njumu, na usikimbie pekupeku kwenye ardhi ngumu wakati kisigino kinauma.

Kumeza tembe za maumivu ili ucheze mechi ni kujidanganya. Tembe inanyamazisha uchungu, lakini kano inaendelea kuvuta palepale. Na kama kisigino kimevimba na kuwa chekundu, kama una homa, kama uchungu unakuamsha usiku, ama umeanguka na huwezi kukanyaga, hapo usingoje. Mwambie mzazi akupeleke hospitalini.

Lakini ushauri huu wote hautasaidia ikiwa mtoto anaogopa kusema. Kwa hivyo namwomba kila kocha na mwalimu wa michezo afanye jambo moja ambalo halimgharimu hata shilingi: atangaze mbele ya timu nzima kwamba atakayeripoti maumivu hatapoteza nafasi yake, kisha atimize ahadi hiyo. Mchezaji wa kwanza akipumzishwa na kurudishwa kikosini akiwa mzima, wenzake wataona, na wao pia wataanza kusema mapema.

Nawe chipukizi, kisigino kikianza kuuma, sema leo. Usingoje hadi siku ya fainali.