Kabla ya Vitaa vya Mapambo, Chimbeni Choo

Wacha niseme kitu itakasirisha wenzangu wa kontenti. Kempi nyingi mnazoona kwa simu zimepangiwa kamera, hazijapangiwa binadamu. Tenti inang'aa ndani kama kandili, vitaa vimening'inia, mtu ameshika kikombe cha chai akitazama milima. Saa tisa usiku huyo huyo anatetemeka, maji yameingia chini ya mgongo, na anajibana mkojo hadi kukuche kwa sababu hakuna mtu alifikiria choo. Hiyo sehemu haipostiwi.

Mimi niko Keroka, mji ulio mpakani kabisa, upande mmoja Kisii, upande mwingine Nyamira. Kila wikendi sasa naona vijana na mabegi wakielekea Manga kulala kilimani. Nafurahi sana, maana kwa miaka tuliambiwa kempi ni ya wazungu, maskauti na watu wa Nairobi wenye magari makubwa. Lakini wengi wanakuja na mpango wa Naivasha, na huku si Naivasha. Naivasha ni kavu kuliko huku kwa mbali. Nyanda za Gusii zinapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi inashuka alasiri, hewa yenye unyevu ya Ziwa Victoria ikishapanda milima. Ukilala hapa kama uko Naivasha, utarudi nyumbani na homa na chuki ya milima.

Niliacha chuo, sina shahada ya chochote, lakini baridi ya kulala chini haihitaji shahada kuielewa. Watu wanabeba blanketi tatu za kujifunika na kitu kimoja chembamba cha kulalia. Ni kinyume. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, na ile blanketi uliyoilalia imebanwa na uzito wako hadi haina hewa ndani, kwa hivyo haikusaidii sana. Weka unene chini. Na huku hatuhitaji kununua godoro la kujaza upepo la bei ya simu. Tafuta gunia mbili safi, zijaze majani ya migomba yaliyokauka vizuri, shona mdomo, lala juu. Yakauke kweli, lakini, na uyakung'ute kwanza, kwa sababu siafu hawana adabu. Juu yake tandaza blanketi ya mitumba kutoka soko la Keroka. Ukitaka anasa, chemsha maji, jaza chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, iweke miguuni. Chupa ya soda usijaribu, itajikunja na kukumwagia.

Na tafadhali, jiko la makaa lisiingie kwa tenti. Hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata kama umeacha zipu wazi kidogo. Ile hewa ya sumu haina harufu, haikohozi mtu, unalala tu na huamki. Kila msimu wa baridi Kenya hii tunasikia habari za watu waliokufa hivyo kwa nyumba. Tenti ni ndogo kuliko nyumba.

Mvua sasa. Tenti ya bei ya chini mara nyingi haiwezi mvua ya Kisii peke yake, lakini turubai moja na kamba zinaibadilisha kabisa. Funga turubai juu ya tenti, acha nafasi ya kupitisha mkono kati yao, upande ulio chini uelekee upepo unakotoka. Kwa kila kamba funga kitambaa kidogo kabla haijafika kwa turubai. Maji yanayofuata kamba yatadondokea hapo badala ya kuingia ndani. Ile karatasi ya plastiki mnayotandika chini ya tenti ikunjwe isitokeze nje hata kidogo, la sivyo inakusanya mvua na kukuletea kitandani. Halafu muache kuchimba mitaro kuzunguka tenti. Huku ni miteremko na mashamba ya watu, ule mtaro ni mwanzo wa mmomonyoko. Chagua mahali palipoinuka kidogo na hutahitaji jembe. Ukiamka na matone ndani ya tenti ilhali mvua haikunyesha, hiyo ni pumzi yenu wenyewe. Fungueni madirisha ya juu.

Kuna kitu turubai haiwezi: radi. Gusii inajulikana kwa radi, si hadithi za nyanya. Tenti haikukingi na radi hata kidogo. Kwa hivyo ile sehemu ya kileleni kabisa yenye picha kali, piga picha asubuhi uondoke. Lala chini zaidi, mbali na mti uliosimama peke yake, na karibu na nyumba au gari ambapo mnaweza kukimbilia ngurumo ikianza. Lakini msishuke hadi bondeni kabisa pia, baridi ya usiku huteremka na kulala huko.

Nimefika kwa choo, na hapa ndipo nina neno.

Ukiuliza kwa nini vikundi vya kempi huku vimejaa wavulana, utaambiwa wasichana wanaogopa baridi, wanapenda starehe, wazazi wamekataa. Wazazi, sawa, mara nyingine. Lakini nimeuliza marafiki zangu wa kike na jibu ni lile lile: nitaenda wapi usiku, na kama niko kwa siku zangu je? Kuna mmoja aliniambia hakunywa maji tangu saa sita mchana ili asihitaji kutoka gizani. Huyo hakuwa kempi, alikuwa kwa adhabu. Tunatumia pesa kwa spika, halafu tunashangaa nusu ya marafiki hawarudi mara ya pili.

Na ni kazi ya saa moja. Vijiti vinne, gunia zilizopasuliwa au leso mbili, kamba. Shimo lenye kina kuliko mnavyodhani, na udongo uliotolewa uachwe pembeni na koleo, kila mtu akimaliza anafunika. Mtungi wa lita 5 wenye tundu, uliofungwa kwa kijiti cha kukanyaga, na sabuni inaning'inia. Tochi moja inabaki hapo usiku wote, si ya mtu. Mfuko wenye kifuniko wa pedi, urudi nao mjini. Iwe mbali na maji, hatua 80 hivi au zaidi. Hii si usumbufu wa bure: Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru hapa Nyamira, unapita kwa watu hadi Migori na kuingia ziwani. Kijito unachokiona kidogo ni maji ya chai ya mtu.

Kuna njia nzuri zaidi, na sijui kwa nini tunaiona aibu. Huku karibu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Nenda kwa ule mji ulio karibu kabla giza halijaingia, salimia "bwakire", kaa kidogo, omba ruhusa ya kulala. Kisha muulize mama wa pale kama mnaweza kutumia choo chake, na mlipe. Si kumrushia mia mkiondoka, mkubaliane bei mapema. Mnunue kuni kwake, ndizi kwake, maziwa ya chai ya asubuhi kwake. Mmepata choo chenye mlango, nyumba ya kukimbilia radi, na mtu anayejua mko wapi.

Wengine watasema nimeharibu kempi, kwamba raha yake ni kuteseka. Hao wengi wao wana kitanda kizuri cha kurudia. Mimi nimelala kwa nyumba inayovuja, sioni utalii ndani yake.

Vitaa bebeni tu, sijakataza. Ila mtungi wa maji wa lita 5 ukiwekwa juu ya tochi ya simu unaangaza tenti nzima, na kwa kamera unatoka vizuri pia. Nimejaribu.