Cheti cha Oracle ao Microsoft: kinafungua mlango gani mashariki mwa DRC?

Kwa kijana aliyemaliza informatike Goma, Bukavu ao Bunia, dola 245 si pesa ya mchezo. Ndiyo bei ambayo Oracle imekuwa ikitoza kwa mtihani mmoja wa usimamizi wa hifadhidata, yaani kazi ya kuchunga akaunti, majina na malipo ndani ya mashini za benki, kampuni za simu na ofisi za serikali. Ukianguka, unalipa tena.

Je, pesa hiyo inarudi? Inategemea nani anaajiri. Mkuu wa wafanyakazi asiyejua kompyuta, akipokea mafaili mengi ya waomba kazi, karatasi inayojulikana dunia nzima inamrahisishia kuchagua. Lakini benki nyingi na kampuni kubwa za simu zina makao makuu Kinshasa. Na tangu M23 iingie Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango katika miji hiyo. Anayelipia cheti akiwa huko analipia kazi ambayo pengine itamlazimisha kuhama.

Kuna jambo ambalo wauza mafunzo hawalisemi kwa sauti: cheti kinazeeka. Microsoft ilifunga vyeti vyake vya MCSA na MCSE mwezi wa kwanza 2021. Kile cha sasa cha msimamizi wa hifadhidata kwenye Azure kinadumu mwaka mmoja. Kukirefusha ni bure, kwa intaneti, ila ukisahau tarehe unarudia mtihani na kulipa. Mtihani huo unaweza kufanyiwa nyumbani mbele ya kamera, jambo zuri kwenye karatasi. Kwenye mtaa ambao umeme unakatika bila taarifa, ni bahati nasibu.

Kwa maoni yetu, anayeanza aanzie PostgreSQL. Programu hiyo ni ya bure, inatumika duniani kote, na jumuiya inayoitengeneza haitoi cheti rasmi. Kompyuta ya okazo inatosha: weka data, fanya nakala ya akiba, futa yote, kisha jaribu kuirudisha. Maana mwajiri anayejua kazi atauliza hivi: mashini imeanguka saa nane ya usiku, unaanzia wapi? Aliyekariri majibu ya mtihani hujulikana hapo hapo.

Aliye tayari kazini hali yake ni tofauti. Huyo amuombe mwajiri alipe mtihani, na aombe kabla mkataba haujasainiwa upya.