Mwaka wa kwanza wa kompyuta usigeuzwe chekeche

Iko karatasi moja ambayo wazazi wengi wanaosoma gazeti hili hawataiona hata siku moja, ingawa ndiyo itakayoamua kama fedha iliyopatikana kwa maharage na nyanya za mpakani itarudi nyumbani kwa sura ya shahada au kwa sura ya kijana aliyekunja mikono. Ni karatasi inayopanga masomo ya mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi ya kompyuta. Hivi karibuni niliwekewa moja mezani. Niliwahi kufundisha kuandika programu kwa muda katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, na walimu wanaopanga upya mwaka huo waliniomba nitoe maoni.

Rasimu ilikuwa na masomo saba kwa muhula wa kwanza. La kwanza lilikuwa utangulizi wa kompyuta, yaani lile somo ambalo mwanafunzi hukariri vizazi vya kompyuta, kuanzia zile za valvu hadi za leo, kisha akataja sehemu za mashine kama mtoto anayetaja viungo vya mwili. Yakafuata lugha ya Java, kalkulasi, umeme, hifadhidata, Kiingereza na ujasiriamali. Saa za kukaa mbele ya mashine zilikuwa mbili kwa wiki, wanafunzi wawili kwa kompyuta moja. Nilipouliza kwa nini hifadhidata imewekwa muhula wa kwanza, nikajibiwa kwamba wazazi wanataka kuona mambo yanayoleta ajira mapema. Basi wazazi tumesingiziwa na hilo pia.

Kabla sijaendelea, naomba nisimulie habari ya kijana mmoja niliyemfundisha. Alikulia Ngara, akarudi Rwanda na familia yake mwaka 2013, na mama yake akaendelea kuuza mchele Rusumo. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Akaja kuingia chuo ambako kila kitu ni Kiingereza, kwa maana serikali iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza ndicho kiwe lugha ya kufundishia. Katika mtihani wa kwanza wa programu palikuwa na swali la mashine ya kuuza soda inayomrudishia mteja chenji. Kijana aliacha ukurasa mtupu. Hakuwa amewahi kuiona mashine ya namna hiyo, na neno lenyewe hakulijua.

Nilimwita baadaye tukaongea Kiswahili. Nikamwambia: mteja amekupa noti ya shilingi 10,000 ya Tanzania, amenunua vitu vya 3,700, mrudishie chenji kwa noti na sarafu chache iwezekanavyo. Alijibu kabla sijamaliza: "Mwalimu, unatoa 5,000, halafu 1,000, halafu 200 na 100." Nikamuuliza amefikaje hapo. Akasema unaanza na noti kubwa kuliko zote inayoingia kwenye deni, unaitoa, unatazama kilichobaki, unarudia hivyo hivyo mpaka pasibaki kitu.

Msomaji, hiyo ni programu kamili. Kuna hatua inayorudiwa, kuna sharti la kuacha, kuna hesabu ya kilichobaki. Tena ni njia inayofundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Kijana alikuwa anaifanya tangu ana miaka kumi, akiwa amekaa juu ya gunia, na sisi tulikuwa tumempa sifuri.

Lakini sikumwacha hapo, kwa sababu chuo kikuu si mahali pa kumsifu mtu kwa anachokijua tayari. Nikamuuliza: je, njia yako ni sahihi siku zote? Tuseme nchi fulani ina sarafu za 1, 3 na 4 tu, na chenji ni 6. Kwa njia yake anatoa 4, kisha 1, kisha 1, sarafu tatu. Kumbe 3 na 3 zinatosha, sarafu mbili. Alinyamaza, akachukua kalamu, akaanza kujaribu sarafu nyingine. Tulikaa karibu saa nzima tukitafuta ni sarafu za aina gani njia yake inazifaa na za aina gani inaziharibu. Saa ile ndiyo sayansi ya kompyuta. Kubonyeza vitufe ni kazi nyingine.

Kwa hiyo nilipopewa kalamu nyekundu, jambo la kwanza nililofanya ni kufuta kalkulasi muhula wa kwanza (isiondoke kabisa, ingoje muhula wa pili) na kuweka mahali pake hisabati ya mantiki, seti, kuhesabu uwezekano wa mambo na kuthibitisha. Hii ifundishwe bega kwa bega na somo la programu, ikiwezekana na walimu wanaokutana kila wiki. Mwanafunzi akijifunza leo namna ya kutafuta jina katika daftari la madeni lililopangwa kwa alfabeti, kwa kufungua katikati na kutupa nusu isiyohusika, basi kesho mwalimu wa hisabati amwonyeshe kwa nini majina milioni moja yanahitaji hatua 20 tu. Masomo haya mawili yakitenganishwa, la kwanza linakuwa uchawi na la pili adhabu.

Yuko aliyekwenda mbali zaidi yangu. Mwaka 1988 Mholanzi Edsger Dijkstra, bingwa wa fani hii, alipendekeza wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike programu na kuzithibitisha kwa karatasi bila kuziendesha kwenye mashine hata mara moja. Namheshimu, lakini huyo hakuwa akifundisha watu ambao hawajawahi kumiliki kompyuta. Kwetu mashine ikikosekana darasani, mtoto wa tajiri ataikuta nyumbani na mtoto wa Rusumo hataikuta popote.

Hapo ndipo penye donda. Rwanda imegawa zaidi ya kompyuta ndogo 200,000 katika shule za msingi tangu mwaka 2008, na sekondari kwa miaka mingi zilikuwa na mchepuo wa hisabati, fizikia na kompyuta. Hata hivyo, darasa la mwaka wa kwanza bado linamchanganya kijana aliyeandika programu tangu kidato cha nne na kijana anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Mwalimu akiuliza swali, wa kwanza anajibu kwa maneno makubwa makubwa. Wa pili anaamini kwamba yeye hana akili, ilhali kilichomkosa ni mashine. Ifikapo Aprili anatafuta kuhamia uhasibu, au anadisko, kama wasemavyo wanafunzi wa Tanzania.

Si tatizo letu peke yetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya matokeo ya kozi 161 za mwanzo za programu katika nchi 15, ulikuta karibu theluthi ya wanafunzi hawafaulu. Lakini wako waliolishughulikia. Chuo cha Harvey Mudd huko California, kuanzia mwaka 2006, kiliwagawa wanaoanza katika makundi kwa uzoefu wao, wenye kujua kando na wasiowahi kando, kikaacha Java kwa Python ambayo ni nyepesi kuanzia, na kikachagua mifano yenye maana kwa wanafunzi. Katika miaka michache wanawake waliochukua fani hiyo walipanda kutoka takriban 10 kwa mia hadi karibu 40. Hawakushusha kiwango. Walibadilisha mlango wa kuingilia.

Nilipendekeza tufanye hivyo hivyo: makundi mawili muhula wa kwanza, mtihani mmoja mwishoni. Mmoja wa walimu alipinga kwamba huko ni kuwabagua wanyonge. Hoja yake naiheshimu, ila nadhani wanabaguliwa zaidi sasa, wakiwa wameketi safu ya nyuma katika ukumbi mmoja na wenzao.

Kuhusu lugha ya programu sikugombana sana. Mwaka 2001 vyama vikubwa vya fani hii vya Marekani vilipotoa mwongozo wa masomo, vilieleza njia sita tofauti za kuanza mwaka wa kwanza bila kulazimisha hata moja. Iwe Python, iwe nyingine, mradi iwe moja kwa mwaka mzima. Rasimu ilikuwa na tatu.

Kuhusu lugha ya binadamu niligombana. Waliopita Butare miaka ya baada ya 1994 wanaukumbuka ule mwaka wa lugha, ambapo aliyetoka Uganda alifundishwa Kifaransa na aliyetoka Burundi au Zaire alifundishwa Kiingereza kabla ya kugusa fani yake. Ulikuwa mzigo, lakini angalau chuo kilikiri kwamba watu wametoka sehemu mbalimbali. Siku hizi tunajifanya wote tumetoka nyumba moja. Siombi mwaka mzima. Naomba saa za mazoezi ziruhusu Kinyarwanda na Kiswahili, mtihani ubaki Kiingereza, na somo la Kiingereza lifundishe kusoma swali la programu badala ya kuandika barua ya kuomba kazi. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zenye maandishi ya Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice, kwa hiyo asituambie mtu kwamba lugha hii haiingii kwenye mashine.

Lililobaki ni saa za maabara. Nimeomba zifike sita kwa wiki, mtu mmoja kwa mashine moja, na maabara ifunguliwe jioni. Mhasibu wa chuo akauliza umeme na mlinzi vitalipwa na nani. Ni swali la haki. Nikamwomba apige hesabu ya upande wa pili, ya mzazi anayelipa ada mara mbili kwa mwaka uleule mmoja, na ya viti vinavyobaki wazi mwaka wa pili.

Wewe mzazi unayempeleka mtoto Septemba, usiulize tu ada ni kiasi gani. Uliza mtoto atakaa mbele ya kompyuta saa ngapi kwa wiki, na kama atakuwa peke yake. Uliza wanaoanza bila kujua lolote wanawekwa wapi. Uliza mwaka uliopita waliingia wangapi na wangapi walivuka kwenda mwaka wa pili; wakikujibu kwa kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Kikao kingine ni mwezi ujao. Ujasiriamali bado umo kwenye rasimu, na nimeambiwa hautatoka. Yule kijana wa Ngara nimemwomba aje naye, akiwa na lile swali lake la sarafu.