Kabla Hujamwambia "Jikaze"

Mwezi huu mwenzenu nina la moyoni, linamhusu kila mwenye mtoto au mdogo wake anayecheza michezo shuleni.

Binti wa kaka yangu ana miaka 16, anacheza mpira wa pete. Wakiwa kwenye mazoezi ya UMISSETA aliruka kudaka pasi, akatua kwa mguu mmoja huku anageuka. Hakuna aliyemgusa. Goti likalia "ko!" Hadi jioni limevimba kama embe dodo. Na mimi shangazi mtu nikasemaje? "Jikaze, we si mwanamichezo!" Tukamtafutia mtu wa kumchua, wiki mbili baadaye akarudi uwanjani. Goti likamtoka tena.

Daktari wa mifupa ndo akatufungua macho. Kano ya katikati ya goti, ile wanayoiita ACL, ilikuwa imekatika. Kumbe mara nyingi hukatika hivyo hivyo, bila kugongwa na mtu: ni kutua vibaya au kugeuka ghafla. Na wasichana wako hatarini zaidi kuliko wavulana. Kucheza goti likiwa hivyo kunaweza kuchana na zile gegedu za ndani. Akifanyiwa upasuaji, kurudi mchezoni ni miezi 9 au zaidi, tena kwa mazoezi ya kila siku.

Jamani, goti likilia na kuvimba ndani ya saa chache, mtoto atoke uwanjani. Mwekeeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, msimchue, mpelekeni hospitali.

Kinga nayo haina gharama. Tangu 2006 kuna mazoezi ya FIFA 11+, dakika kama 20 tu kabla ya kucheza: kukimbia, kuimarisha mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, yasiingie ndani. Yalitungwa kwa ajili ya soka, lakini somo la kutua linafaa hata kwenye pete. Kwa hiyo wewe na mwenzio mkishalipia viatu na jezi, muulizeni mwalimu: watoto wanapasha vipi misuli?

Juzi nilimwomba binti msamaha. Akanijibu taratibu, "Shangazi, siku ile nilikuwa nimeshajikaza."

Sina la kuongeza. Tukutane mwezi ujao!