Swali lililoandikwa vyema ni dawa kwa hospitali zetu

WAHENGA walisema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika mambo ya afya sisi wakazi wa Thika na Ruiru tumekuwa watu wa kunung'unika kuliko watu wa kuuliza. Tunanung'unika tukiwa kwenye foleni ya dawa, tunanung'unika ndani ya matatu, na jioni tunafunga mlango na kulala. Asubuhi foleni ni ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo tumelizoea. Mgonjwa akizuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, tunamtafuta mheshimiwa atuchangie. Mgonjwa akifariki, tunamtafuta tena atuchangie mazishi. Ni wachache mno kati yetu ambao wamewahi kumwendea mheshimiwa huyo huyo na kumwambia: nenda ukaulize kwa nini bili imekuwa kubwa hivi, na uniletee jibu kwa maandishi. Tunamtumia mwakilishi wetu kama mfuko wa harambee, ilhali kazi tuliyomwajiri kwayo ni kutunga sheria na kuihoji serikali.

Nia yangu leo ni kukuonyesha, msomaji, kwamba swali lililoandikwa vyema na kupelekwa mlango unaofaa linaweza kuponya hospitali kuliko mchango wowote.

Desturi hii si ngeni kwetu. Kwa miaka mingi mawaziri wa Kenya walikuwa wabunge. Mbunge aliandika swali lake, akalikabidhi afisi ya Karani wa Bunge, likawekwa kwenye ratiba, na siku ikifika waziri au msaidizi wake alisimama kujibu. Wabunge wengine waliruhusiwa kumbana kwa maswali ya ziada. Yote yaliandikwa katika Hansadi. Jirani zetu wa Tanzania nao wana maswali ya msingi na ya nyongeza katika Bunge lao.

Katiba ya 2010 ilisema waziri hawezi tena kuwa mbunge. Kwa hivyo, baada ya uchaguzi wa 2013, mawaziri hawakuonekana tena katika kikao cha Bunge na kazi ya kuwahoji ikaachiwa kamati. Mwaka 2023 mawaziri walianza kufika tena mbele ya kikao kizima ili wajibu maswali. Hiyo ni hatua njema. Lakini isikudanganye, msomaji, ukadhani kwamba kila kero ya hospitali yako itatatuliwa Nairobi.

Jedwali la Nne la Katiba liligawa kazi. Hospitali za rufaa za kitaifa na sera ya afya zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Hospitali za kaunti, zahanati, maduka ya dawa na ambulensi zikawekwa mikononi mwa kaunti. Maana yake ni kwamba ukitaka kujua kwa nini bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, haijalipa hospitali, mwulizaji wako ni mbunge, na wa kujibu ni Waziri wa Afya. Ukitaka kujua kwa nini glavu zimekwisha wodini Thika, au kwa nini Ruiru haina muuguzi wa kutosha usiku, mwulizaji wako ni diwani, na wa kujibu ni serikali ya Kaunti ya Kiambu. Seneta naye anaweza kuuliza kuhusu fedha ambazo kaunti hupokea.

Eneobunge la Thika Mjini lina wadi tano: Township, Kamenu, Hospital, Gatuanyaga na Ngoliba. Ruiru lina nane: Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko. Hao ni madiwani 13 kati ya 60 waliochaguliwa na wadi za kaunti nzima. Kumi na watatu wakiuliza swali moja kwa sauti moja, nani atawapuuza?

Natoa mfano ambao bado unatuuma. Mwishoni mwa Mei 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma, na mgomo huo haukuisha hadi Oktoba. Ilikuwa karibu miezi mitano. Katika kipindi hicho chama cha madaktari kilisema watoto wachanga wengi walikuwa wakifariki hospitalini. Serikali ya kaunti ikapinga takwimu hizo. Huyu akasema hivi, yule akasema vile, na magazeti yakaandika yote mawili. Mama aliyempoteza mwanawe akabaki katikati, asijue ni nani wa kusadiki.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ubishi huo haukuhitaji kuwapo. Kila hospitali ya umma hujaza ripoti ya kila mwezi ambayo hupelekwa kwa Wizara ya Afya. Ndani yake mna idadi ya watoto waliozaliwa hai, waliozaliwa wafu na waliofariki baada ya kuzaliwa. Kwa hivyo nambari hizo ziko. Kinachokosekana ni mtu wa kuzidai kwa njia ambayo afisa hawezi kuikwepa.

Hebu tazama maswali mawili. La kwanza: "Je, serikali ya kaunti ina habari kwamba hali katika Hospitali ya Thika Level 5 ni mbaya?" Jibu lake unalijua hata kabla halijaandikwa: "Ndiyo, tuna habari, na hatua mwafaka zinachukuliwa." Hapo mwulizaji ameondoka mikono mitupu, na afisa amelala usingizi mzuri.

La pili ni hili: "Kuanzia Januari hadi Desemba mwaka jana, watoto wachanga wangapi walilazwa kila mwezi, na wangapi walifariki? Kila zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wangapi, na kila muuguzi aliangalia watoto wangapi? Mashine ngapi za kuwapa joto watoto njiti zinafanya kazi, ngapi zimeharibika, na tangu lini? Zitatengenezwa kufikia tarehe gani, na kwa fedha kiasi gani?" Swali hili halina matusi wala siasa. Lina mahali, muda, idadi na tarehe ya mwisho. Anayelijibu akidanganya, rejista zitamuumbua. Akikataa kulijibu, ukimya wake utakuwa umeandikwa pia.

Fedha nazo zinahitaji maswali ya namna hiyo. Kwa miaka kadhaa serikali ya kitaifa ilitoa ruzuku maalum kwa kaunti 11 zenye hospitali za ngazi ya tano. Katika mwaka wa fedha wa 2018/19 Kiambu ilitengewa zaidi ya Sh538 milioni kwa ajili ya Thika. Pesa zilikuwa na jina, na yeyote angeweza kuzifuata. Tangu 2021/22 ruzuku hiyo imeunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti. Sisemi zimeibwa. Nasema zimepoteza jina lao, na kitu kisicho na jina ni rahisi kusahaulika. Diwani anapaswa kuuliza kila mwaka: Thika ilipata kiasi gani, ilitumia kiasi gani, na dawa zilinunuliwa kwa kiasi gani? Aidha, sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inaruhusu hospitali kubaki na pesa inazokusanya kutoka kwa wagonjwa. Je, zinabaki kweli?

Wakazi wa Ruiru wana swali lao. Sensa ya 2009 ilihesabu karibu watu 240,000 katika mji huo. Sensa ya 2019 ilihesabu 490,120, na kuufanya mji wa nne kwa ukubwa nchini, wakati Thika ilikuwa na 251,407. Watu walizidi maradufu katika miaka kumi. Vitanda vya akina mama kujifungulia viliongezeka mara ngapi? Madaktari je? Hospitali ya Ruiru ni ya ngazi ya nne, na mzigo ukiizidi, mgonjwa hupelekwa Thika, ambayo nayo ina mzigo wake.

Uzito wa kuuliza mapema ulionekana katika mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali uliotiwa saini mwaka 2015 kwa Sh38 bilioni. Kila kaunti ilikatwa Sh95 milioni kwa mwaka, kisha makato yakapanda hadi Sh200 milioni, huku magavana wakilalamika kwamba hawajaonyeshwa mikataba yenyewe. Seneti iliunda kamati maalum mwaka 2019, na ripoti yake ilitoka 2020, ikieleza kuhusu mashine zilizokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu au umeme. Kazi ya maseneta ilikuwa nzuri, lakini ilikuja wakati maiti iko mochari tayari. Swali linaloulizwa kabla ya saini ni chanjo. Linaloulizwa baada ya saini ni upasuaji wa kujua marehemu aliuawa na nini.

Wako watakaosema maswali haya ni silaha ya wanasiasa ya kumkomoa gavana. Ni kweli wengine huyatumia hivyo. Lakini swali lenye nambari halijali liliulizwa na nani, kwa maana jibu lake linamfaa hata aliyempigia gavana kura. Wengine watasema siri ya mgonjwa itatoka. Haitatoka. Idadi haitaji jina la mtu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wahudumu wa afya wenyewe. Wao huogopa kwamba kila kifo kikitajwa bungeni, atatafutwa muuguzi wa kutolewa kafara. Wakiogopa, rejista zitaanza kupikwa, na hapo tutakuwa tumeharibu dawa na kuongeza ugonjwa. Kwa hivyo nawasihi madiwani na wabunge: msiulize nani alikosea usiku ule. Ulizeni muuguzi mmoja alipewa watoto wangapi, na nani aliyepanga iwe hivyo. Muuguzi aliyechoka ni shahidi wenu, si mshtakiwa.

Na wewe msomaji, usingoje diwani azinduke peke yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu wewe mwenyewe kuiandikia afisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kueleza sababu ya kutaka habari hizo. Afisi hiyo ina siku 21 za kujibu. Iwapo habari zinahusu uhai wa mtu, ina saa 48. Ikikunyima, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ambayo kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki". Vilevile Katiba inakupa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa Bunge, na sheria za kaunti zinakupa haki kama hiyo kwa Bunge la Kaunti kule Kiambu.

Mkusanyike watu watano wa mtaa mmoja, iwe Kiandutu, Makongeni au Githurai. Andikeni swali moja tu, lisizidi nusu ukurasa. Taja hospitali, taja miezi, omba idadi, omba tarehe. Mpelekee diwani nakala aisome katika Bunge la Kaunti, nyingine ipelekwe hospitalini, na ya tatu muiweke nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Jibu likija, libandikeni kanisani, msikitini na kwenye kituo cha matatu ili kila mtu alisome. Lisipokuja kwa siku 21, andikeni tena, na mwandike pia kwamba hii ni mara ya pili.

Diwani atakapokuja kuomba kura mwaka 2027, msimwulize alichanga harambee ngapi. Mwambieni awaonyeshe maswali aliyouliza kuhusu hospitali yenu, na majibu aliyoleta.