Pimeni nyavu, acheni beseni

Safu ya Mama Kabula

Sijawahi kupinga sheria ya uvuvi katika safu hii, na leo sipingi. Sangara asiyefika sentimita 50 aachwe akue. Sato asiyefika 25 naye aachwe. Nimeyarudia hayo mpaka wasomaji wangu wa Ukerewe wakanipa jina la Bibi Sentimita, na jina hilo nimelipokea. Lakini nilichokiona wiki hii kwenye soko moja la jijini Mwanza hakihusiani na kulinda samaki. Niliona mwanamke akipokonywa mtaji wake mbele za watu, ili mahali fulani iandikwe kwamba ziwa limelindwa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, soko limechangamka. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, beseni la bluu mbele yake, sangara wamelazwa juu ya barafu iliyopondwa. Tulikuwa tunapatana bei. Yeye ameshuka kidogo, mimi nimepanda kidogo, tumebakiza kucheka tu na kufunga mfuko, mara wakatokea vijana watatu. Wawili wamevaa vizibao vya njano, wa tatu ana rula ya mbao yenye mstari mwekundu kwenye 50. Hawakusalimia. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu kwetu hata mtu anayekuja kudai deni huanza na shikamoo anapomkuta mtu wa umri wa mama yake.

Mwenye rula akainama, akamnyoosha sangara wa kwanza. Arobaini na sita. Wa pili, arobaini na nne. Wa tatu akafika hamsini na moja, akawekwa pembeni bila neno. Wengine wote wakapita chini ya mstari.

"Mwanangu," yule mama akasema, "mimi sina mtumbwi wala wavu. Nimenunua mwaloni alfajiri, mbele za watu. Ushuru nimelipa, risiti ya mashine hii hapa."

"Mama, kukutwa na samaki wachanga ni kosa. Sheria ni sheria."

"Na aliyewavua?"

Hakujibiwa. Kijana alikuwa ameshamwashiria mwenzake abebe beseni. Mama akasimama, akaishika ile risiti kwa mikono miwili, akainyoosha kwao kama wanavyonyoosha watu kadi ya kliniki, na hakuna hata mmoja aliyeisoma. Jirani yake mwenye meza ya dagaa akaninong'oneza kwamba mtaji ule ni wa mkopo wa kausha damu, na rejesho ni Ijumaa.

Nikamfuata yule aliyeonekana mkubwa wao, nikamuuliza samaki wanakwenda wapi. Alinijibu kwa upole, na upole wake nauheshimu. Alisema taratibu zikikamilika watapelekwa kwenye taasisi, shule au gereza. Maana yake watapikwa. Sangara wa sentimita 46 ataliwa vilevile, ila sasa analiwa kwa hasara ya mchuuzi. Ziwa halikuongezewa hata yai moja asubuhi ile.

Hapo ndipo ninapogombana na serikali yangu. Kikomo cha urefu kiliwekwa ili samaki apate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Sangara dume hukomaa mapema, akikaribia nusu mita hivi. Jike huchelewa, lazima akue zaidi. Faida ya kikomo hicho yote iko majini, samaki akiwa hai. Kumpima akiwa amelala kwenye barafu, macho yameshaingia ukungu, ni kumpima maiti homa. Anayeamua samaki gani atoke ziwani ni jicho la wavu, na wavu hauanzii kwenye beseni la mama yeyote.

Unaanzia dukani. Nilitoka pale na hasira zangu, nikashuka mtaa wenye maduka ya nyavu, kwa miguu tu. Kwenye duka moja, nikiwa nimesimama mlangoni najipepea, kijana akaingia akauliza timba kwa sauti ya chini. Mwenye duka hakushtuka. Alimtazama, akanitazama, akainama chini ya kaunta akatoa furushi limefungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Pesa zikahesabiwa. Timba imepigwa marufuku nchini, mvuvi anajua, muuzaji anajua, na maofisa waliokuwa sokoni dakika chache kabla wanajua kuliko sisi sote.

Kwa wasiokaa ziwani: timba ni wavu wa uzi mmoja wa plastiki, mwembamba, samaki hauoni ndani ya maji. Shemeji yangu wa Nansio, huyo mnayemjua kwa simu zake za usiku wa manane kila nikiandika habari za ziwa, alinieleza ubaya wake vizuri kuliko semina yoyote niliyohudhuria. Timba ni rahisi kununua na haidumu. Ikichanika haishonwi, inaachwa majini. Na ikiachwa majini inaendelea kuvua, inanasa samaki ambao hakuna atakayewala, mpaka wanaozea humohumo. Shemeji hana duka wala cheo, ila alisema jambo ambalo sijalisikia kwa mkubwa yeyote: "Wavu unaletwa na gari, shemeji. Haujiotei ziwani." Una bandari ulikopitia au mpaka ulikovushwa, una ghala, una mtu aliyeusainia. Na makokoro hivyohivyo, yanayokokota mazalia ya sato kwenye ghuba zetu, yanahitaji kamba ndefu na watu wengi wa kuvuta mchana kweupe. Vitu vya namna hiyo havifichiki kwa mtu anayetaka kuviona.

Lakini kuna jambo jingine lililonikera zaidi, nalo ni bei. Kwa nini watu wa Mwanza wananunua sangara wadogo? Kwa sababu wakubwa hawawafikii. Samaki huyu aliingizwa Ziwa Victoria kutoka kwingine miaka ya 1950 na 1960, akala furu, samaki wetu wadogo wa asili, aina kwa mamia zikapotea au kubaki za kutafutwa kwa tochi, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vilikuwa vimejipanga kando ya ziwa, minofu inapaa kwenda Ulaya. Sisi tulibaki na mgongo wazi. Wasomaji wa umri wangu wanajua ninachosema, mifupa yenye kichwa, tukakaanga, tukalea nayo watoto. Kiwanda hakinunui sangara mdogo, kwa hiyo mdogo ndiye anayekuja kwenye beseni, na mwenye pesa ya mboga ya siku moja ndiye anayemchukua. Rula ikiingia pale sokoni inampima mnyonge tu, pande zote mbili, anayeuza na anayenunua.

Na mbona hawapimi upande wa juu? Nchi tatu za ziwa hili, kupitia jumuiya yao ya uvuvi yenye makao Jinja, zilikubaliana sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Huo mwisho wa juu ulikuwa na maana kubwa. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, ndiye anayejaza ziwa. Leo mtaje huyo wa 85 mwaloni, watu watakuuliza unatoka wapi. Sangara mkubwa ana bondo kubwa, yaani kibofu chake cha hewa, na bondo likikaushwa lina wanunuzi wa China wanaolipa kwa kilo pesa ambazo mnofu hauzioti. Kama kikomo hicho kimelegezwa kwa sababu za kitaalamu, wataalamu waje mwaloni waseme hadharani, tuwasikilize na tuwaulize. Kitu nisichokikubali ni sheria kuwa na meno kwenye beseni la samaki wa shilingi elfu chache na kuwa kibogoyo mbele ya mabondo.

Mnakumbuka 2018. Nyavu zilichomwa mwaka ule, mitumbwi ikataifishwa, na rula ikaingia mpaka kantini ya Bunge pale Dodoma kupima samaki waliokwisha pikwa. Waheshimiwa waliona wamedhalilishwa. Wakalalamika ndani ya Bunge, nchi nzima ikasikia, na kila mtu akakubali kwamba samaki aliyeko kwenye sahani si mahali pa kuanzia. Walikuwa na haki ya kulalamika. Basi kwa nini kilichokuwa udhalilishaji kwa mbunge kiwe utaratibu wa kawaida kwa mama wa sokoni? Samaki wake alikuwa mbichi, hiyo ndiyo tofauti pekee ninayoiona.

Sisemi ulegevu ndio dawa. Wenzetu wa Uganda waliingiza jeshi ziwani mwaka 2017, na wavuvi wa kule wanasimulia vipigo mpaka leo, njia ambayo siiombei nchi yangu. Naipenda zaidi ile ya Ziwa Tanganyika, ambako mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka. Ilikuwa miezi migumu Kigoma, watu walilia njaa, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Ila zuio lile liliwashika wote, mwenye mtumbwi mmoja na tajiri mwenye ishirini, na lilimkuta samaki akiwa bado majini.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana wiki ijayo. Kwanza yule mama arudishiwe thamani ya mzigo wake. Halmashauri iliupokea ushuru wa samaki wale, ikatoa risiti, ikawahesabu kama mapato halali alfajiri, na saa tatu mkono mwingine wa serikali ukawaita haramu. Mwenye kosa hapo si yeye. Pili, vikundi vya usimamizi vya mialoni, BMU, vipewe mafuta ya boti na ulinzi wa kuwataja matajiri wa makokoro, maana wanawajua kwa majina na wanaogopa kuchomewa nyumba. Tatu, maofisa wale watatu wabadilishiwe njia ya doria. Wakifika kwenye lile geti la soko wasiingie. Wakate kushoto, washuke mtaa wa maduka ya nyavu, wainame chini ya kaunta. Nilisimama pale mlangoni zaidi ya nusu saa, na aliyekuja kuulizia timba hakuwa mmoja.