Likizo ya Agosti, twendeni Taveta tukajipikie

Ndizi nyingi zinazouzwa pale sokoni Kongowea zimetoka Taveta. Maji ya chemchemi ya Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, yamekuwa yakiteremka kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Kaunti ya Taita Taveta, kwa ufupi, tunaila na kuinywa kila siku, ila kuipanda hatuipandi. Familia ya Mtongwe, Mtopanga au Chaani ikisema mwaka huu inataka kupumzika penye milima na ziwa, majirani huuliza kama imeshinda bahati nasibu. Dhana iliyojengeka ni kwamba mapumziko ya aina hiyo ni ya wazungu na watu wa Nairobi, na kwamba mtu wa pwani aliyebarikiwa bahari hana cha kutafuta huko juu. Mimi naona tatizo liko kwingine. Tumezoea kuipima safari kwa bei ya hoteli, na hoteli si nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia zetu. Tungeipima kwa banda la kujipikia, hesabu nzima ingebadilika.

Tuanze na mahali penyewe. Ziwa Jipe liko mpakani na Tanzania, chini ya milima ya Upare, na upande wetu sehemu ya ufuo wake imo ndani ya Tsavo Magharibi. Ni ziwa la kina kifupi, limezungukwa na matete, na hulishwa na mto Lumi unaoshuka kutoka Kilimanjaro. Ziwa Chala liko kaskazini ya hapo na ni kinyume chake kabisa: limejaa ndani ya shimo la volkano, kina chake kinapita mita 90, na hakuna mto unaoonekana ukiingia wala kutoka, kwa kuwa maji yake hupita chini ya ardhi kutoka kwenye mvua za mlimani. Ukisimama ukingoni huoni ufuo, unaona majabali yameshuka wima na maji ya buluu yametulia huko chini, na njia ya kuyafikia ni ya mawe yanayoteleza. Juu ya yote hayo kuna Kilimanjaro, mita 5,895, ambayo huonekana vizuri asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaifunika. Watoto wetu huchora mlima huo katika madaftari ya jiografia bila kujua kwamba uko mwendo wa nusu siku kutoka kwao.

Nusu siku si maneno ya kutia moyo. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150 na ushei, kisha Voi hadi Taveta ni kama 110 nyingine, na barabara ile iliyokuwa vumbi tupu sasa ina lami. Mtu wa Likoni halazimiki tena kuanza safari kwa foleni ya feri, kwa sababu barabara ya Dongo Kundu humtoa moja kwa moja hadi Miritini. Wapo wanaopendelea treni ya SGR hadi Voi, na kwa watu wawili watatu wenye begi ni sawa. Lakini wanaokwenda na sufuria, mtungi wa gesi na gunia la nazi ni afadhali wakodi matatu ya abiria 14, hasa kwa kuwa ndani ya mbuga hutembei kwa miguu upendavyo. Lazima uwe na gari.

Hapo kwenye sufuria ndipo hoja yangu ilipo. Hoteli hutoza kwa kichwa, na chumba chake kimekusudiwa watu wawili. Familia ya kwetu si watu wawili. Kuna nyanya, kuna shangazi ambaye hawezi kuachwa, kuna mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma, na kuna mtoto mchanga wa miezi sita. Hesabu ya hoteli ikifika mtu wa tano, baba hukunja karatasi na kusema twendeni ufuo wa Pirates kama mwaka jana. Banda la kujipikia, kama yale ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, pale Jipe, mara nyingi hukodishwa kwa nyumba, na kilichobaki ni kuulizana vitanda ni vingapi na wanaruhusiwa wangapi. Jikoni unaingia mwenyewe. Humwulizi mtu nyama imechinjwa na nani wala mafuta yamekaangiwa nini. Akina mama hukaa barazani bila kujifunika mbele ya wageni wasiowajua, swala husaliwa kwa jamaa, na mtoto akilia saa nane za usiku hakuna mteja wa chumba cha pili wa kugonga ukuta. Faragha, chakula halali na nafasi ya watu wengi ndivyo vitu ambavyo familia za Kiislamu za pwani huvilipia ghali hotelini na bado hazivipati. Nashangaa kwamba wanaouza utalii wa ndani hawajaliona hili. Matangazo yao bado ni ya mume na mke wakiangalia machweo na glasi mkononi.

Nitaambiwa, pesa ziko wapi? Kodi ya nyumba imepanda, karo inasubiri, na unga haupungui bei. Hoja hii ina ukweli na sitaipaka rangi: anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kuambiwa na gazeti kwamba shida yake ni kutopanga. Lakini wengi wetu tulio katikati hutumia pesa nyingi kwa mapumziko bila kuziita hivyo. Zinatoka kidogo kidogo, Idi huku, Krismasi kule, nauli, soda, viazi karai, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua zilikwenda wapi. Gharama za Jipe ni nne tu: gari, kiingilio cha mbuga, kodi ya banda na chakula, na chakula ungekula hata ungebaki nyumbani. Kiingilio hulipwa kwa kila mtu kwa kila siku, na gari lina ada yake, ila raia wa Kenya hulipa kidogo mno akilinganishwa na mgeni. Nyumba mbili tatu zikiungana, gari hugawanywa. Na chombo cha kuchangia tunacho tayari. Vyama vya akina mama vinavyonunulia wanachama vyombo na kugharimia harusi vinaweza kutenga fungu la safari kuanzia Februari, bila kuanzisha kitu kipya.

Pingamizi la pili ni la hatari, na hili nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko la pesa. Mtoto wa Shelly Beach akiona maji huvua shati. Ziwani huko asivue. Machi 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba akiogelea Chala, ziwa ambalo watu walikuwa wakiliamini kuwa salama. Jipe lina mamba pia, na viboko hutoka usiku kula majani, kwa hiyo mlango hufungwa giza likiingia na choo cha nje hakiendewi bila tochi na mtu wa pili. Mbu wa Jipe nao wana sifa yao; neti na dawa ya kujipaka si anasa. Lakini hatari hizi zote zinajulikana, na hatari inayojulikana hupangiwa. Anayezungumza na askari wa mbuga kabla ya kushusha mizigo na kuwapa watoto masharti yasiyojadiliwa yuko salama kuliko anayewaachia baharini siku ya sikukuu, ufuo ukiwa umejaa hata mzazi haoni wa kwake ni yupi.

Wengine watasema, kama ni milima, kwa nini tusiende milima yenyewe, Mlima Kenya? Kuna mabanda lango la Chogoria, ndiyo, lakini huko ni karibu mita 3,000, na mtu aliyezoea joto la Changamwe akienda na leso na sweta moja atalala akitetemeka. Jipe iko kama mita 700 tu. Ubaridi wake wa Agosti ni wa kutafuta shuka la pili, basi. Kwa nyanya mwenye magoti yanayouma na kwa mtoto mchanga, hiyo ndiyo milima inayofaa kuanza nayo.

Wakati nao una maana. Likizo ya Aprili huangukia masika, na njia ya udongo inayotoka Taveta kwenda Jipe si ya kuichezea ikilowa. Desemba kuna mabaki ya vuli, na kila mtu anataka gari siku moja. Agosti ni kavu, nauli hazijapandishwa na umati wa sikukuu, na mawingu yakikupa nafasi mlima unauona. Malipo ya mbuga hufanywa kupitia eCitizen, si noti langoni, kwa hiyo kijana mmoja wa nyumbani apewe kazi hiyo mapema, na kabla ya kulipa apige simu aulize mambo matatu: banda liko katika hali gani kwa sasa, jiko lipo au la, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Nazi na mchele mbebe kutoka huku. Ndizi msibebe, mtazikuta Taveta kwa bei ya shambani. Chama chenu kikikutana mwezi ujao, liwekeni jambo hili mezani kabla ya kugawana hela.